Kisa cha kontena lenye kistari

Kabla sijaweka begi chini, mzee wa leja alinivuta kando. "Mwanangu, kontena hili nimelitia mimi mwenyewe juzi, kwa vidole vyangu hivi. Jana nalitafuta, mashine yaniambia haliko. Nikalitia tena, ikapokea bila neno. Leo mteja wa Kampala apiga simu, ana invoisi mbili za mzigo mmoja."

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Julai 2022. Siku tisa nyuma, Jumamosi tarehe 25 Juni, nilikesha katika ofisi hiyohiyo nikipandisha toleo la mfumo endeshi wa seva yao kutoka Debian 9 hadi Debian 10. Ni wakala wa forodha, ghorofa ya pili, barabara inayotokea Moi Avenue, hatua chache kutoka kwenye Pembe za Ndovu, Mombasa. Sitawataja jina, na hakuna haja, maana kosa halikuwa lao. Lilikuwa langu, na ushahidi umo katika daftari langu la ufundi.

Hilo daftari ndilo ninalotaka kulichambua hapa, zaidi ya seva yenyewe.

Nimekuwa nikiandika tangu 2018. Si kitu cha fahari: mafaili ya maandishi matupu, kila mashine na faili lake, yote yamewekwa chini ya git ili nione nilichobadilisha na lini. Nilianza kwa sababu ya usahaulifu, na kwa sababu bash, programu inayopokea amri kwenye teminali, haiaminiki kama karani. Historia ya amri huandikwa kwenye faili pale unapofunga dirisha, si pale unapobonyeza Enter. Umeme ukikatika katikati ya kazi, yaliyokuwa kwenye dirisha hilo yamekwenda nao. Ukifungua madirisha mawili kama root (mtumiaji mkuu) kwenye Debian bila kuwasha mpangilio wa histappend, dirisha la mwisho kufungwa hufuta kazi ya lile la kwanza. Nimeumia mara mbili kabla ya kusadiki.

Basi, kwa seva ya wakala huyu nilikuwa na mwongozo tayari. Mwaka 2020 nilifanya kazi kama hiyo kwa mteja mwingine upande wa Nyali, na nikaandika hivi:

"Debian 9 kwenda 10. Baada ya vifurushi: pg_dropcluster --stop 11 main, halafu pg_upgradecluster -m upgrade -k 9.6 main. Dakika mbili. Hakuna shida."

Mstari huo una maarifa ya kweli. Ukisakinisha PostgreSQL 11, programu ya hifadhidata, kwenye Debian, mfumo hukuundia hifadhidata tupu iitwayo main bila kukuuliza, na usipoiondoa kwanza, ile ya 9.6 haina mahali pa kuhamia. Kila anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza hujikwaa hapo. Na zile herufi, -m upgrade -k, ni njia ya mkato. Kwa kawaida pg_upgradecluster huchota data yote kama maandishi na kuijenga upya upande wa pili, pamoja na faharasa, zile orodha zilizopangwa za kutafutia haraka. Ukiiambia itumie -k, haijengi kitu. Mafaili ya zamani hubaki palepale kwenye diski, toleo jipya likayashika kama yalivyo.

Hifadhidata ya wakala ilikuwa na GB 60, nyingi zikiwa picha za hati za shehena ambazo aliyetengeneza programu yao aliamua kuzitia ndani ya hifadhidata yenyewe. (Mtu huyo sijawahi kukutana naye, na huenda ni heri kwetu sote.) Kuzichota kama maandishi kungekula usiku mzima. Bandari hailali, na kijana wao wa zamu ya usiku alitaka mfumo urudi upesi. Msaada wa usalama wa muda mrefu wa Debian 9 ulikuwa unaisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo kuahirisha nako hakukufaa. Nikafungua daftari, nikaona "dakika mbili", nikashukuru. Nilifuata neno kwa neno. Nikatafuta makontena matatu manne, yakaonekana. Nikaandika, "Nimemaliza 2.40. Hakuna shida," nikatafuta tuktuk.

Siku mbili za diski

Turudi Jumatatu. Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta neno "kupotea" kwenye daftari. Likaja ingizo la Machi 2021, mashine tofauti: "Data kupotea: diski. Hewa ya chumvi."

Mtu aliyezoea kompyuta za pwani hataona ajabu. Kusi likivuma, chumvi huingia hata kwenye chumba chenye kiyoyozi, na miguu ya kumbukumbu (RAM) huota kutu ya kijani. Nimewahi kufufua seva kwa kifutio cha penseli. Kwa hiyo niliamini. Jumatatu jioni niliipa diski jaribio refu la smartctl, chombo cha kukagua afya ya diski. Ikapita. Jumanne nikachomoa kumbukumbu, nikazisugua, nikazirudisha. Nikaipitisha tena. Ikapita tena. Kisha nikaijaribu diski ya pili ya RAID, yaani diski zinazofanya kazi pamoja, nayo ikapita. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba diski mpya mbili.

Nikiisoma upya sehemu hiyo leo, naona ingizo la 2021 halikusema nilijuaje kuwa ni diski. Halina namba hata moja ya smartctl, halina mstari wa dmesg, ile orodha ya ujumbe wa mfumo. Lina hukumu peke yake. Fundi wa 2022 akamwamini fundi wa 2021 kwa sababu walikuwa na jina moja.

Wakati huo makarani waliendelea na kazi, na kila kontena lisiloonekana waliliingiza upya. Hilo linaniuma kuliko ile barua ya diski. Ningewaambia wasimame tangu Jumatatu asubuhi, tungekuwa na nusu ya mzigo wa kusafisha.

Mzee aliona kabla yangu

Jumatano asubuhi mzee alikuja na daftari lake. Lake ni la kweli, nene, jalada gumu, kalamu ya bluu. Kila kontena linalopita mkononi mwake huliandika humo kwanza, kisha ndipo huenda kwenye kibodi. Vijana humcheka. Alikuwa ameyazungushia duara yale yaliyopotea.

"Tazama. Yote haya yana kistari."

Namba ya kontena, kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 6346, ni herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu ya saba ya kuhakiki. Wengine huandika zote saba kwa mfululizo. Wengine hutenga ile ya mwisho kwa kistari, kama ABCU 123456-7. Mawakala wa meli hawajakubaliana, na karani huandika anachokiona kwenye karatasi.

Nilimwambia haiwezekani, maana yapo mengine yenye kistari ambayo yanaonekana vizuri. Akakubali. Kisha akaongeza, "Na wateja pia. Tafuta Ng'ang'a uone."

Nikatafuta. Hakuna. Nikatafuta kwa kipande, jina lolote lenye "ang" ndani yake. Huyu hapa, Ng'ang'a, na anwani yake, na deni lake.

Hapo ndipo habari ya diski ilipokufa. Data iliyoharibika haionekani kwa mlango mmoja ikajificha kwa mwingine. Ukitafuta neno kamili, PostgreSQL hupitia faharasa. Ukitafuta kipande kilicho katikati ya neno, faharasa ya kawaida haisaidii, kwa hiyo husoma jedwali zima mstari kwa mstari. Nikazima enable_indexscan, enable_indexonlyscan na enable_bitmapscan kwenye kikao changu, nikarudia kutafuta makontena ya mzee moja baada ya jingine. Yote yakaja. Mistari ilikuwa salama. Kilichopotoka ni faharasa.

Kwa nini kistari na ritifaa? PostgreSQL ya aina hii haijui yenyewe nani atangulie kati ya maneno mawili. Huuliza maktaba ya C ya mfumo, glibc. Na glibc 2.28, iliyotoka Agosti 2018, ilibadilisha sana kanuni za kupanga herufi. Debian 9 ilikuwa na 2.24. Debian 10 ilikuja na 2.28. Kanuni ya zamani ilipuuza vistari na ritifaa katika mzunguko wa kwanza wa kulinganisha. Mpya inavihesabu. Unaweza kuliona kwa macho ukiandika kwenye teminali:

printf '11\n1-1\n' | LC_ALL=en_US.UTF-8 sort

Nilikuwa bado na Debian 9 ndani ya mashine pepe kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Ile ilitoa 11 kwanza, kisha 1-1. Seva ya wakala ilitoa 1-1 kwanza. Amri ileile, majibu mawili.

Chukua daftari la simu lililopangwa na mtu asiyejali ritifaa, aliyemweka Ng'ang'a jirani na Nganga. Sasa mpe karani anayeamini kwamba ritifaa hutangulia herufi zote. Atafungua kurasa za mwanzo za N, hatamkuta, atafunga na kusema hayupo. Hata hajadanganya. Na ukimwambia aandike mteja mpya Ng'ang'a, atamwandika kwenye kurasa hizo za mwanzo kwa moyo mweupe, maana hajaona pacha wake. Ndivyo ile faharasa ya upekee, iliyowekwa kuzuia namba moja isiingie mara mbili, ilivyoruhusu kontena la Kampala liingie mara mbili. Na ndiyo sababu si kila kistari kilipotea. Inategemea namba imeangukia wapi kwenye mti wa faharasa, na njia ya kuiendea inapita kwenye mlinganisho uliobadilika au la.

Tovuti ya wiki ya PostgreSQL ina ukurasa mzima kuhusu jambo hili, na ulikuwepo siku zote. Kama palikuwa na onyo lolote likipita skrini wakati vifurushi vinafunguliwa, mimi nilikuwa napiga Enter.

Kwa nini Nyali kulikuwa salama?

Swali hili lilinisumbua kuliko yote. Amri zilezile, kutoka na kwenda matoleo yaleyale, na mteja wa Nyali hajawahi kulalamika. Jibu nililikuta kwenye daftari langu, chini ya "hakuna shida" ya 2020. Nilikuwa nimebandika matokeo ya psql -l, ile orodha ya hifadhidata zilizopo, kwa mazoea tu. Safu ya Collate, inayotaja kanuni ya kupanga maneno, ilisoma C. Katika ingizo la Juni 2022 nilibandika orodha hiyohiyo, na safu ileile ilisoma en_US.UTF-8.

Hifadhidata iliyoundwa kwa C hulinganisha baiti kwa baiti na haimwulizi mtu. Glibc ibadilike isibadilike, haiihusu. Ile ya Nyali ilisakinishwa na mtu asiyejali lugha ya mfumo, na uvivu wake ukawa kinga. "Hakuna shida" yangu ilikuwa kweli kwa mashine ile. Sikuandika kwamba ni kwa mashine ile, kwa sababu sikujua kuna namna ya kuwa vinginevyo.

Hili ndilo nimelifikiria sana tangu hapo. Maneno yangu mwenyewe, yale niliyoyaandika kwa kujiamini, yalinipoteza mara mbili ndani ya wiki mbili: "dakika mbili, hakuna shida" na "kupotea: diski". Kilichoniokoa ni mistari ambayo sikuielewa nilipoibandika. Mashine ilisema kitu, nikakinakili bila kukifasiri, kikangoja miaka miwili.

Kusafisha

Hakukuwa na njia ya kurudi nyuma. Ukitumia -k na toleo jipya likishawaka, hifadhidata ya zamani haiwashwi tena kwa usalama, maana mafaili ni yaleyale. Nakala ya akiba niliyoichukua Jumamosi alasiri ilikuwepo, lakini kuirejesha kungemeza siku kumi na moja za kazi ya ofisi nzima.

Tukasimamisha programu Jumatano jioni. Nilichukua nakala mpya kwa pg_dump kwanza. Kisha nikatumia amcheck, kiendelezi kinachokuja na PostgreSQL 11, ambacho huukagua mti wa faharasa na kusema kama mpangilio wake umevunjika. Faharasa za tarehe na za namba tupu zilipita zote. Za maandishi zilikuwa 23, na nne zililalamika. Nikajaribu moja kwa moja REINDEX, amri ya kujenga faharasa upya, ikagoma: haiwezi kujenga faharasa ya upekee juu ya mistari inayojirudia. Ilikuwa sahihi kugoma.

Tulikuta jozi 41. Kwa kila jozi ilibidi mtu aamue mstari upi ni wa kweli, na malipo yaliyoning'inizwa kwenye ule mwingine yahamie wapi. Hapo kompyuta haikuwa na la kusema. Mzee alikaa kando yangu Alhamisi nzima, daftari lake magotini, akisoma kwa sauti: kontena, tarehe, saa, uzito. Tulikula viazi karai mezani, jambo ambalo mhasibu hajalisamehe hadi leo.

Mhasibu, kwa upande wake, alikagua invoisi zote zilizotolewa tangu nilipomaliza kazi. Alisoma daftari langu, "nimemaliza 2.40", akaanza Jumapili saa mbili na dakika 40 asubuhi. Msomaji yeyote wa Kiswahili angefanya hivyo. Mimi nilikuwa nimesoma saa ya kompyuta: 2.40 ya usiku wa manane, yaani saa nane na dakika 40. Makontena ya zamu ya usiku, saa sita kamili za kazi, hayakukaguliwa. Tuliligundua pale jozi mbili zilipokosa invoisi upande wake. Nikaenda kwenye /var/log/dpkg.log, faili linaloandika lini programu zilisakinishwa, kuthibitisha, nayo ikasema ni Jumamosi, kwa sababu seva ilikuwa kwenye UTC, saa tatu nyuma yetu. Mzee naye alikuwa ameandika "usiku wa Jumapili", kwa hesabu ya kwao ambapo siku mpya huanza magharibi. Watu watatu na mashine moja, usiku mmoja, na kila mmoja kauandika kwa njia yake na hakuna aliyekosea. Siku hizi naandika saa za kompyuta kwa tarakimu nne na +03 mwishoni, hata kama inachosha.

Daftari lilivyobadilika

Sijanunua programu mpya ya kuandikia. Ni mafaili yaleyale, git ileile. Nilichobadilisha ni kwamba kila kazi sasa huanza kwa kubandika hali ya mashine kabla sijaigusa: toleo la mfumo, toleo la glibc, psql -l, diski zilivyopangwa. Nikitaka kuandika hukumu naiandika, lakini chini ya ushahidi, na ndani ya sentensi inayotaja mashine. Kwa kazi ndefu nawasha amri ya script, inayorekodi kila kinachopita kwenye teminali, hata nikisahau kunakili.

Kubandika kuna hatari yake. Matokeo ya Jumatano ile yalikuwa na majina ya wateja na namba zao za simu, na nilikuwa nimeyatia kwenye git bila kufikiri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwapo, deni la mtu halina kazi kwenye kompyuta ya fundi. Ilinibidi niandike upya historia ya hazina nzima, kwa sababu kufuta faili kwenye git hakuliondoi katika matoleo ya nyuma. Sasa nabandika muundo na hesabu, si mistari ya watu. Nywila hazimo kabisa, zinakaa KeePassXC.

Na daftari hulala kwenye kompyuta yangu kwanza, mtandaoni baadaye. Mombasa ndipo nyaya za baharini zinapotua, na mtu angetegemea sisi tuwe wa mwisho kukosa. Lakini nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024, intaneti ilijikongoja hapa kama kwingine, na kurasa za msaada hazikufunguka. Faili la maandishi lilifunguka.

Septemba 2022 tulipanda hadi Debian 11 na PostgreSQL 13. Safari hii niliacha ichote kila kitu kama maandishi na kujenga upya. Ilichukua saa tano kasoro robo. Ingizo la usiku ule linaeleza kwa nini sikutumia njia ya mkato, pamoja na tarehe na namba zote mbili za glibc.

Katika zile jozi 41, moja hatukuiamua. Daftari la mzee lina kontena hilo mara moja, uzito umefutikafutika kwa maji ya kahawa. Hifadhidata ina mistari miwili yenye uzito tofauti, na karatasi zenyewe zilishakwenda na lori. Tuliupa mstari mmoja alama, tukauacha. Kwenye daftari langu nimeandika vitambulisho vya mistari yote miwili, jina la jedwali, na nafasi tupu chini yake.